EVE Online kutoka Section 58: anza na unachoweza kupoteza

Kijana mmoja wa chuo alikuwa dirishani kwangu akingoja kutoa pesa. Akachungulia laptopi yangu, akasema, "Dada, leo floti imekusumbua." Alikuwa ameona safu za namba: bei ya kununua, bei ya kuuza, kiasi kilichobaki. Nikamwambia hiyo si floti, ni soko la Jita, na vinavyouzwa pale ni madini, risasi na injini za meli za angani. Akavuta stuli, akakaa. Tangu siku hiyo ameniuliza maswali mengi mno, nikaona afadhali niyaandike mahali pamoja, yamfae yeye na yeyote anayetaka kuanza EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za angani, akiwa huku kwetu.

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Section 58, Nakuru. Nafunga saa mbili usiku, nakula, kisha naingia mchezoni. Huu ni mwaka wa tatu. Nilishajaribu michezo mingine ya mtandaoni na yote niliiacha, kwa sababu nikifa naamka palepale na vitu vyangu vyote, kama hakuna kilichotokea. EVE haikurudishii. Meli ikilipuka, imekwenda. Karibu kila meli unayoona imeundwa na mchezaji fulani, kwa madini yaliyochimbwa na mchezaji mwingine, na bei inapanda na kushuka kwa sababu ya watu, kama nyanya za pale Wakulima. Hilo ndilo lililonishika.

Mchezo unatengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland, na ulifunguliwa Mei 2003. Ukiacha China, ambayo ina seva yake, wachezaji wa dunia nzima wako katika anga moja yenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Wanachimba, wanajenga, wanasafirisha, wanapigana, wanapelelezana. Januari 2014 palipiganwa vita katika mfumo unaoitwa B-R5RB, kwa muda wa saa 21 hivi, na zikalipuliwa meli 75 za aina ya Titan, ambazo ndizo kubwa kuliko zote. Chanzo chake kilikuwa bili ya kumiliki mfumo huo ambayo haikulipwa kwa wakati. Mimi ninayeshinda nikihesabu pesa za watu niliposoma hayo nilijua nimefika kwangu.

Sasa swali la kwanza la kila mtu wa huku: intaneti. Seva iko London, nikimaanisha ile ya Uingereza, si London yetu ya hapa upande wa Menengai. Kwenye michezo ya kufyatuana risasi, umbali huo unakuua kabla hujamwona adui. EVE haiko hivyo. Seva yake hupiga hesabu mara moja kwa sekunde: amri zote zilizofika ndani ya sekunde hiyo zinatekelezwa pamoja. Ujumbe wangu ukichelewa sehemu ndogo ya sekunde kutoka Nakuru, mara nyingi unaingia katika hesabu ileile na wa jirani wa seva. Ushindi hapa unategemea maandalizi na kujua wakati wa kukimbia, vidole vyepesi havikusaidii sana. Bando nalo haliliwi sana. Mzigo ni kupakua mchezo mara ya kwanza, ni GB nyingi, kwa hiyo tafuta wifi ya mtu anayekupenda. Laptopi yangu ni ex-UK ya RAM GB 8. Nimeshusha michoro hadi chini kabisa na inanitosha. Kwenye simu hauchezeki. Uko mwingine wa simu unaoitwa EVE Echoes, lakini huo ni ulimwengu wake peke yake na hamtakutana.

Stima ikipotea je? Hapa ni mtaani, inapotea. Meli yako itaruka yenyewe kwenda mbali na pale ilipokuwa, na kama hakuna mchezaji aliyekuwa anakupiga, baada ya muda mfupi inatoweka angani hadi utakaporudi. Kama ulikuwa katikati ya mapigano itabaki inaonekana kwa muda mrefu zaidi, na hapo omba Mungu. Ujuzi wa rubani wako, ambao ndio unaokuruhusu kuendesha meli bora, unaendelea kukua hata laptopi ikiwa imezimwa. Unapanga foleni ya masomo na saa inahesabu, uwe unahudumia wateja au umelala. Mtu mwenye kazi na watoto anaweza kwenda sambamba na asiye na shughuli. Seva yenyewe hufungwa muda mfupi kila siku saa nane mchana kwa saa zetu, kwa hiyo mchezo ukikukataa saa hiyo usidhani bando limeisha. Saa ya mchezoni iko nyuma yetu kwa saa tatu, ni ya Iceland.

Niseme sasa nilivyoumia, maana ndipo penye faida kwa mgeni.

Anga imegawanywa kwa alama za usalama. Kuanzia 0.5 hadi 1.0 kuna polisi wanaoitwa CONCORD. Kuanzia 0.1 hadi 0.4 hawaji. 0.0 kwenda chini ni mali ya mwenye nguvu. Mimi nikasoma "usalama wa juu" nikaelewa "salama". Mwezi wangu wa pili nilikuwa na mzigo wa ISK (pesa za mchezoni) milioni 90 hivi, jasho la wiki tatu, nikaupakia wote ndani ya Badger, meli ya mizigo yenye tumbo pana na ngozi nyembamba. Natoka Jita naelekea Dodixie, soko jingine. Nikawasha rubani wa otomatiki, nikaenda jikoni kugeuza chapati.

Rubani huyo hakupeleki hadi mlangoni pa geti, pale unaporukia mfumo mwingine. Anakushusha kilomita kadhaa kabla, kisha meli inatambaa. Nilikuwa natambaa katika mfumo wa Uedama, alama 0.5, niliposikia king'ora kutoka sebuleni. Nilifika na mwiko mkononi. Kulia kwa skrini, kwenye orodha ya vilivyo karibu, alama nyekundu zilikuwa zinawaka: moja, tatu, sita. Zote ni Catalyst, meli ndogo za bei rahisi zenye bunduki nyingi. Mstari wa ngao ukaisha, wa deraya ukaisha kabla sijashika mausi. Kisha kimya, na mimi nimekaa ndani ya kile kiyai kidogo cha rubani kinachobaki meli ikilipuka. CONCORD walifika wakalipua zote sita. Hawazuii, wanaadhibu, na kadiri alama inavyokuwa ndogo ndivyo wanavyochelewa kufika. Wale walishapiga hesabu: meli sita za rahisi ni gharama ndogo mbele ya mzigo wangu. Mwenzao aliyekuwa kando hajagusa mtu alisogea, akaokota nusu iliyosalimika, akaondoka. Bima ilinilipa bodi ya meli. Mzigo haina habari nao.

Chapati iliungua. Nilikaa pale nikitazama skrini kama mtu aliyetuma pesa namba isiyo yake.

Kwa hiyo nasema kwa moyo wote: usiendeshe kitu ambacho kukipoteza kutakufanya uache mchezo. Wachezaji wa zamani watakuambia hivyo siku ya kwanza na hutawasikia, mimi pia sikuwasikia. Gawanya mzigo safari tatu. Ruka geti hadi geti kwa mkono wako. Na ukiwa umeacha meli angani, usiende jikoni.

Utapeli ni jambo la pili, na hapa kazi yangu ilinisaidia. Ukiingia Jita, ambako kituo cha mwezi wa nne wa sayari yake ya nne ndicho soko kuu la anga yote, dirisha la mazungumzo linakimbia kama kondakta watano wanaita abiria mmoja. "Nitumie milioni 10 nikurudishie 20." Ukituma kidogo wanaweza kweli kukurudishia mara mbili, wakingoja utume kikubwa. Ni ndugu wa ule ujumbe wa "nimekutumia kimakosa, tafadhali nirudishie" ambao nauona kwenye simu za wateja kila wiki. Tofauti ni kwamba kule sheria za mchezo zinaruhusu, hakuna pa kushtaki. Kuna pia mikataba ya kuuziana: kichwa kinasema meli nzuri kwa milioni 150, bei ndani ni bilioni 1.5. Hesabu sifuri mara mbili. Kisha soma jina la kitu chenyewe, usisome maelezo aliyoandika muuzaji.

Mwanzo wenyewe uwe hivi. Maliza mafunzo hata kama yanakuchosha, halafu nenda kwa mawakala wa kazi, wale wanaokupa kazi ndogondogo za kila fani: upiganaji, uchimbaji, utafiti, biashara. Wanakulipa kwa meli za bure, na mojawapo ni Venture ya kuchimba madini, yenye ghala la mita za ujazo 5,000. Usihangaike sana kuchagua taifa la rubani wako. Amarr, Caldari, Gallente au Minmatar, utaanzia popote na utafika popote. Na mifumo ya kuanzia ina ulinzi wa ziada: kuwasumbua wageni huko ni marufuku, na CCP wenyewe huwaadhibu wanaofanya hivyo.

Dirisha la Overview, ile orodha ya kulia niliyoisema, litunze kuliko kitu kingine chochote. Likiwa limejaa takataka hutaona kinachokuja kukuua. Jifunze na skana ya mwelekeo: bonyeza V, inakuonyesha meli zilizo hadi AU 14.3 kutoka ulipo, yaani zaidi ya mara 14 ya umbali wa Dunia na Jua. Ukitoka kwenye usalama wa juu, bonyeza kila sekunde chache, iwe tabia. Kwenye mashimo ya minyoo, yale mapito yasiyodumu yaliyoletwa mwaka 2009, majina ya watu waliomo hayaonekani kwenye mazungumzo hadi waseme. Skana ndiyo macho yako. Niliwahi kukaa dakika arobaini mle ndani ya Heron, meli ya utafiti ya bei ndogo, nikifungua masanduku ya magofu ya kale huku moyo ukidunda kama wa mtu anayevuka barabara ya Nairobi–Eldoret usiku. Nilitoka na vitu vya ISK milioni 30 kwa meli isiyofika milioni mbili pamoja na vifaa. Mgeni maskini anaweza kufanya hivyo wiki ya pili. Nafikiri ndiyo kazi nzuri kuliko zote za kuanzia, kwa sababu ukilipuliwa hupotezi kikubwa.

Pesa za kweli: usilipe siku ya kwanza. Tangu Novemba 2016 unaweza kucheza bure kama Alpha. Unajifunza kwa kasi ndogo, unafika kikomo cha alama za ujuzi milioni 5, na foleni yako ya masomo haizidi saa 24. Wa kulipa anaitwa Omega, na mwezi ni dola 19.99, ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi 2,500. Hiyo ni pesa. Mimi nilikaa Alpha miezi minne, na sasa nalipa baadhi ya miezi tu, kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Ukiwa na ISK nyingi unaweza kununua PLEX, kitu cha sokoni kinachobadilishwa kuwa muda wa Omega, ukapata Omega bila kugusa mfuko, lakini usijiahidi hivyo mapema, utageuza mchezo kuwa kibarua cha pili. Kitu kimoja cha kufanya kabla hujafungua akaunti: jisajili kwa kiungo cha mtu unayemjua. Unapewa alama milioni 1 za ujuzi bure.

Kingereza cha kusoma unakihitaji, Kiswahili hakimo. Na kujifunza ni kugumu, sitakuficha. Madirisha ni mengi, vifupisho ni vingi, na wiki mbili za kwanza utahisi umeingia ofisi ya watu wengine.

Dawa yake ni watu. Chaneli ya Rookie Help inajibu swali lolote, na EVE University, shirika la wachezaji linalofundisha wageni tangu 2004, lina masomo ya kweli yenye walimu na ratiba. Mimi niliingia kundi dogo la Wazungu wa Ulaya ambao saa zao za jioni zinaanguka saa tatu hadi saa sita usiku kwetu, baada ya kufunga kibanda. Siku ile ya Badger mmoja wao, fundi bomba, hakunicheka. Alinitumia ISK milioni 20 na ujumbe mfupi: kesho nunua meli mbili ndogo. Sijawahi kuuona uso wake.

Kijana wangu wa chuo alifungua akaunti wiki iliyopita. Jana alinipigia saa mbili na nusu, sauti imebadilika. Venture yake ya kwanza imelipuliwa.

"Ilikuwa na nini ndani?"

"Mawe ya Veldspar tu, dada."

Nikamwambia rudi kituoni uchukue nyingine, tunatoka saa tatu.