TAHADHARI: Fundi "anayeongeza" kadi ya grafiki kwenye laptopu amenipiga, msije mkapigwa na ninyi

Wadau, nimejizuia siku tatu nisiandike hili, maana siku ya kwanza yangetoka matusi matupu. Kuna fundi anajitangaza mtandaoni kwamba anaongeza kadi ya grafiki (ile inayochora picha, video na gemu kwenye skrini) kwenye laptopu yoyote, "hata ile ya ofisini", saa mbili tu unaondoka nayo. Nilimpelekea yangu. Imerudi dhaifu kuliko ilivyokwenda, na aibu kubwa ni kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nikimsifia kwa watu.

Laptopu yenyewe ni ya kazi za kawaida: Intel i5 ya kizazi cha nane, grafiki yake UHD 620, ile inayokaa ndani ya prosesa. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa 16 GB, vipande viwili vya 8. Nilitaka kuhariri video bila kukwama na kucheza gemu kidogo usiku, basi. Nikamuuliza kama inawezekana. "Bosi, hiyo kazi ndogo sana. Nakuwekea kadi ya NVIDIA, GTX 1650 ya 4 GB, utanishukuru."

Nilipoifuata alikuwa ameshaiwasha. Akafungua Device Manager, orodha ya vifaa kwenye Windows, na kweli pameandikwa NVIDIA GeForce GTX 1650. Akaingia kwenye mipangilio ya skrini, akaweka kidole kwenye mstari wa jumla ya kumbukumbu ya grafiki: 4 GB na ushee. Pembeni ya kibodi kibandiko cha kijani cha GeForce kinang'aa. Ningebisha nini? Nikalipa.

Gemu ikawa inakatakata kuliko zamani. Nikampigia, akasema dreva, ile programu inayoiendesha kadi, bado haijatulia. Baada ya siku mbili nikaona RAM inasoma 8 badala ya 16. Nikampigia tena. "Ah, hiyo kawaida bosi, kadi mpya lazima itafune RAM kidogo." Nikameza na hilo. Kisha Windows ikajisasisha usiku, asubuhi naangalia, jina la GTX 1650 halipo. Limerudi lile lile la UHD 620. Hapo ndipo akili ikanijia: kadi iliyofungwa kwa skrubu haiwezi kufutwa na sasisho. Nikampigia mara ya tatu, namba yangu imeshazuiwa.

Alichofanya ni hiki. Jina unaloliona kwenye Device Manager ni maandishi tu yaliyohifadhiwa kwenye sajili ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio. Mtu akijua pa kuingia, analibadilisha kwa dakika mbili, anaandika chochote anachotaka, hata jina la mama yake. Dreva ikijiweka upya, jina la asili linarudi. Asichokibadilisha kirahisi hivyo ni kitambulisho cha chipu. Bofya kulia kwenye jina la kadi, nenda Properties, kichupo cha Details, chagua Hardware Ids. Utaona VEN, yaani mtengenezaji, na namba yake. VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Yangu ilisoma VEN_8086&DEV_5917, yaani UHD 620 ile ile ambayo laptopu ilizaliwa nayo. Ningelijua hilo pale mezani kwake, ningemaliza mchezo papo hapo.

Na ile 4 GB? Hii ndiyo iliyoniuma. Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM, na Windows inairuhusu kuazima hadi karibu nusu. RAM ikiwa 8, mstari ule unasoma kama 4. Kwa hiyo alinionyesha nusu ya RAM yangu mwenyewe akaniambia ni kadi. Na kabla hajaigusa mashine, mstari huo huo ungesoma kama 8! Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, muingie sehemu ya Performance kisha GPU. Kumbukumbu ya kadi yenyewe imeandikwa Dedicated, ya kuazima imeandikwa Shared. Mtu akikuonyesha jumla tu bila kutenganisha, ujue anakuficha kitu.

Nikafungua mgongo wa laptopu. Skrubu moja haipo, nyingine imechakaa kichwa. Nafasi ya pili ya RAM iko wazi, tupu, hata vumbi halijaingia. Kipande changu cha 8 GB kimeondoka. Na huo si wizi wa RAM peke yake: vipande viwili vikifanya kazi sambamba vinaipa grafiki ya ndani njia pana zaidi ya kupitisha data. Ukibakiza kimoja, umeibana koo. Ndiyo maana gemu ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Kwenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 ni hivyo hivyo: nyingi zenye Iris Xe (grafiki ya ndani yenye nguvu kuliko UHD), ukiweka kipande kimoja tu cha RAM, Windows inaiandika UHD badala ya Iris Xe.

Mle ndani kuna feni moja na bomba moja la shaba, linakwenda kwenye chipu moja. Hakuna chipu ya pili, hakuna vile vipande vidogo vya kumbukumbu vinavyoizunguka. Chaja yangu ni ya wati 65. GTX 1650 ya laptopu peke yake inaweza kula hadi wati 50, bado prosesa, skrini na betri. Ningetulia nikapiga hesabu hiyo kabla, nisingeondoka nyumbani.

Ukweli wa jambo lenyewe ni mfupi. Kwenye laptopu nyingi mno kadi ya grafiki haichomoki. Ama iko ndani ya prosesa, ama ni chipu iliyochomelewa kwenye ubao mama kwa mamia ya vitone vya lehemu. Zilikuwepo zenye kadi za kuchomeka za mtindo wa MXM, hasa mashine nzito kama Dell Precision, HP ZBook na baadhi ya Alienware za miaka ya nyuma, lakini hata huko lazima bomba la joto, umeme na BIOS (programu inayoiwasha mashine) vikubaliane na kadi mpya. Framework Laptop 16 ina moduli ya grafiki inayobadilishwa na mwenye mashine mwenyewe. Nje ya hapo, njia ya halali ni kadi ya nje kwenye kisanduku chake, na laptopu iwe na tundu la Thunderbolt, lile lenye alama ya radi, au USB4 inayokubali kadi ya nje. Tundu la USB-C kuwa na umbo lile lile hakutoshi. MacBook za chipu za Apple ndiyo kabisa, hazikubali kadi ya nje.

Huyu bwana anauza pia laptopu na kadi za mtumba, kwa hiyo mkikutana na tangazo lake angalieni hivi. Akiandika "graphics 8 GB" bila jina la chipu, mpite. Akitaja jina, muulizeni wati: RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekwa kuanzia wati 35 hadi 115, jina moja, nguvu tofauti kabisa. Na msikubali alinganishe na kadi ya kompyuta ya mezani. RTX 4090 ya laptopu ina chipu ndogo zaidi na 16 GB, ya mezani ina 24. Kwa kadi za mtumba za kisanduku cha nje, endesheni GPU-Z, programu ya kukagua kadi, mbele yake. Tangu 2018 programu hiyo inaandika FAKE ikikuta chipu ya zamani, mfano GTS 450, iliyobadilishwa programu ya ndani ijiite GTX 1050 Ti. Akikukataza kuiendesha, chukua begi lako uondoke.

Na kwa yeyote anayepeleka laptopu kwa fundi, piga picha ya ndani kabla, na uandike namba za vipande vya RAM. Mimi sikuwa na picha, ndiyo maana hata nikimpata hatakosa la kusema.

Jana nimenunua kipande kingine cha 8 GB nikakichomeka mwenyewe. Mashine imerudi ilivyokuwa. Kibandiko cha kijani nimejaribu kukibandua, kimetoka nusu, sasa pamebaki "Ge".