Boksi la viumbe wa baharini kwa maabara ya shule: nyota tatu

Nafundisha baiolojia kidato cha tano hapa Dodoma. Wengi darasani kwangu bahari wameiona kwenye simu tu, ndiyo maana nilimtumia muuzaji mmoja wa Dar es Salaam sh. 60,000 anipakilie boksi kwenye basi. Nililipokea stendi ya Nanenane saa mbili usiku.

Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, kimevunjika mikono miwili. Kaa ananuka kama dagaa wa juzi. Makombe mazuri, sina neno.

Chini kabisa kulikuwa na kipande cha tumbawe lililokufa, kimegandwa na kitu cha rangi ya kutu, kikavu, chembamba kama ukoko wa wali. Kibandiko kimeandikwa "mwani". Mwanafunzi mmoja akasema kinafanana na viraka vya kwenye mawe ya kilima cha Mlimwa. Nusura nikitupe, ila niliona vitundu.

Nikakwangua kidogo, nikaloweka kwenye jiki mpaka nyama yote ikaisha, nikasuuza, nikaweka chini ya hadubini. Sindano tupu, zinang'aa kama vioo! Nikadondosha siki: tumbawe likatoa povu, sindano hazikushtuka. Ni silika hizo, yaani madini ya kutengenezea kioo. Kumbe tumeuziwa sifongo, yaani mnyama, kwa jina la mwani.

Kipindi kizima kikaishia hapo. Mnyama hana tumbo wala neva. Seli zake zenye vimkia huvuta maji kupitia vitundu vidogo mno, akachuja bakteria humo, maji yakatokea kwenye tundu kubwa. Huyu wa kuganda kama ukoko hana umbo lake, huchukua la mwamba alioulalia. Hupenda chini ya mawe, mapangoni, penye kivuli ambapo mwani hauna nguvu. Wengine ni wakorofi: Terpios hoshinota hafiki hata unene wa milimita moja, lakini hufunika matumbawe yaliyo hai mpaka yafe.

"Mwalimu, si ndiyo ile ya kuogea?" Ndugu yake. Ile wanayolima akina mama wa Jambiani, Unguja, haina sindano, ina nyuzi laini za protini iitwayo spongini. Ukijisugulia huyu wangu utajuta.

Nilimpigia muuzaji. "Hilo jiwe, mwalimu, niliweka kuzibia nafasi tu, vitu visigongane." Kiti cha pweza aliahidi kunibadilishia; wiki ya pili hii, kimya.

Nitaagiza tena. Nimemwambia kaa abaki naye, anipakilie mawe matatu ya kuzibia.