Dawa ya kutuliza amonia kwenye tangi la maji chumvi: uzoefu wangu

Chupa ya dawa hii haikosekani karibu na tangi langu la karantini, yaani la kutenga samaki wapya au wagonjwa, na naisifu kwa kazi moja: inanipa nafasi ya kubadilisha maji kabla samaki hawajaungua matamvua. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, haiondoki. Inafungwa tu kwa siku moja au mbili, kisha bakteria wa chujio ndio wanaoimaliza. Tangi lisilo na bakteria wa kutosha litarudi palepale.

Kwenye maji chumvi jambo hili ni zito zaidi. Kwa pH (kiwango cha uasidi) 8.2 na nyuzi 25, karibu asilimia 5 hadi 7 ya amonia iko katika hali ya sumu kali. Maji yasiyo na chumvi yenye pH 7 hayafikii hata asilimia 1. Zeolaiti, yale mawe ya kunyonya amonia, nayo haisaidii huku, maana sodiamu inaziba nafasi ambayo amonia ingeshikwa.

Chupa yangu inaelekeza mililita 5 kwa lita 200. Tangi la lita 40 basi ni mililita 1, na hiyo huipimi kwa kifuniko, tumia sirinji. Hesabu maji yaliyomo, si ukubwa wa tangi, kwa sababu mawe na mchanga vinachukua nafasi. Kabla ya kumimina, zima skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), la sivyo povu litafurika, kisha ongeza pampu ya hewa. Harufu ya yai viza ni ya kawaida.

Hewa ndiyo inayosahaulika. Dawa hizi zinakula oksijeni, na maji chumvi yana oksijeni kidogo kuliko yale yasiyo na chumvi. Ukizidisha, samaki wanapanda juu wakihema, matamvua yanakwenda mbio. Dalili ni zilezile za amonia, kwa hiyo mtu anaongeza dawa tena, na hapo ndipo anapowaua. Kipimo cha mara tano kinachotajwa kwa dharura mimi sikigusi. Nabadilisha nusu ya maji, kwa chumvi na joto linalolingana: amonia ya miligramu 1 kwa lita inashuka hadi 0.5, ukirudia inafika 0.25. Hilo nina hakika nalo kuliko dawa yoyote.

Vipimo vya kupimia amonia pia vinachanganya watu, na viko vya aina mbili. Kile cha salisilati kinasoma amonia yote, iliyofungwa na isiyofungwa, hivyo rangi ya kijani kubaki haimaanishi dawa imeshindwa. Cha Nessler usikitumie kabisa baada ya dawa. Majibu yake yanakuwa ya uongo.

Na kama tangi la karantini lina dawa ya shaba, ile ya kuua vimelea, chupa hii isifunguliwe. Inaigeuza shaba kuwa ya aina yenye sumu kali zaidi, na samaki wanaweza kufa kwa kipimo cha shaba kilichokuwa salama. Hapo ni kubadilisha maji tu, halafu unarudisha shaba kulingana na maji mapya uliyoongeza.