Bastola ya kwanza: pima mkono wako kabla ya kupima mfuko

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni. Niko nyumbani kwangu Sakina, Arusha, na mezani hapa mnaona vipande vitatu vya mninga. Nimechongesha kwa fundi seremala wa Unga Limited, nikampa vipimo kwa milimita, kila kipande kikawa sawa na umbo la bastola moja. Bastola yangu yenyewe iko kwenye kasiki na haitatoka kwa ajili ya kamera. Silaha ya mtu mwenye leseni haioneshwi oneshwi, na kwa kazi ya leo mbao zinatosha kabisa, kwa sababu ninachotaka mkione ni mkono, siyo chuma.

Nimeulizwa sana jambo hili. Wanaouliza ni madalali wa madini, watu wa kampuni za utalii wanaofunga ofisi usiku, mama mmoja wa Moshi mwenye duka la jumla. Wote swali lao ni moja: leseni inakaribia kutoka, ninunue bastola ipi? Na karibu wote wameshajijibu kabla hawajaniuliza. Wanataka ile ndogo kuliko zote.

Naielewa sababu. Hapa Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba mtu anavaa koti kutwa nzima, na chini ya koti unaficha chochote. Shuka Moshi, mita 800 na kitu, joto, mtu ana shati moja jepesi limelowa jasho. Bastola ya kawaida inachomoza kiunoni. Kwa hiyo mtu anaona kadogo ndiyo dawa.

Mimi nilinunua kadogo. Muuzaji aliniambia ni ya mfukoni, hata hutaisikia ukiwa umeibeba, na hilo lilikuwa kweli. Jina la bastola hiyo naliacha. Siku ya kwanza uwanjani mkufunzi akaweka karatasi mita saba mbele yangu. Mita saba ni kama kutoka mlango wa sebule hadi ukuta wa jikoni. Nikapiga risasi kumi. Nne ziligusa karatasi, na hizo nne hazikukaribiana hata mbili. Nilipopiga duru ya pili, ngozi ya hapa, katikati ya kidole gumba na cha shahada, ilikuwa imechubuka. Duru ya tatu nikaanza kufumba macho kabla ya kuvuta. Mkufunzi akanisimamisha, akanipa ya kwake iliyokuwa kubwa kidogo, umbali uleule, karatasi mpya. Nane kati ya kumi zikaingia kwenye eneo la kiganja changu. Sikuwa nimejifunza chochote kipya ndani ya dakika tano. Kilichobadilika ni nilichokishika.

Sasa njoo karibu na kamera tuangalie kwa nini.

Kipande hiki kidogo ni umbo la SIG P365, iliyotoka mwaka 2018. Urefu milimita 147, kimo 109, unene kama 25. Ikiwa na magazini tupu, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ina gramu 500 hivi, na magazini yake ya kawaida inabeba risasi 10. Hiki cha pili ni Glock 19, ya Austria, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988. Urefu 185, kimo 128, unene 34, magazini ya risasi 15. Ikiwa tupu ina karibu gramu 670. Risasi moja ya milimita 9 ina kama gramu 12, zidisha kwa 15 upate 180, kwa hiyo ikijaa inakaribia gramu 850. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja, pungua kidogo. Hiyo ndiyo utakayotembea nayo kiunoni.

Angalia mkono wangu. Nashika kipande kidogo: kidole cha kati kiko, cha pete kiko, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Hakina pa kushika. Sasa nashika cha pili. Vidole vyote vimelala, na mkono wa kushoto umepata nafasi ubavuni wa kuja kukaza. Kidole kile cha mwisho watu wanakidharau, lakini teke la bastola linapokuja, mtutu unapanda juu, na kinachoushusha ni sehemu ya chini ya ngumi. Mtu mwenye jembe anajua: ukishika mpini kwa vidole viwili, ardhi ngumu inakunyang'anya.

Halafu uzito. Risasi ni ileile ya milimita 9 kwa 19, iliyobuniwa na Georg Luger, mzaliwa wa Austria, mwanzoni mwa karne ya 20. Nguvu yake haijui imewekwa kwenye bastola gani. Ikisukuma gramu 850, sehemu ya teke inamezwa na uzito. Ikisukuma gramu 620, sehemu kubwa zaidi ya teke inakuja kwako. Juu ya hilo, slaidi fupi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, inaweka vilengeo viwili karibu karibu, kwa hiyo kosa dogo la kiganja hapa linakuwa kosa kubwa kule kwenye karatasi. P365 ni bastola nzuri sana kwa ukubwa wake, wahandisi wamefanya kazi kubwa kuweka risasi 10 kwenye umbo hili. Ila ni bastola ya mtu anayejua kupiga tayari. Ndogo ni rahisi kubeba na ngumu kupiga, na anayenunua mara ya kwanza anahitaji kinyume chake.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji: kukoki, yaani kuvuta slaidi nyuma ili risasi iingie tayari. Slaidi nyepesi inahitaji springi ngumu zaidi ili bastola ifanye kazi, kwa hiyo nyingi za ndogo ni ngumu kuvuta. Shangazi yangu yuko Kibosho, ana biashara ya kahawa, ana leseni yake halali. Alipopelekwa dukani akaambiwa "mama, hii ndogo ni ya wanawake." Akajaribu kukoki mara tatu, vidole vikateleza, akairudisha kaunta. Akaomba ile kubwa iliyokuwa pembeni, akavuta mara moja ikaitika. Dada zangu, na wazee wangu wenye viungo vinavyouma, msikubali kuchaguliwa kwa jinsia. Vuteni slaidi wenyewe, tena mara kumi mfululizo. Ya kumi ndiyo itakayokwambia ukweli.

Kipande cha tatu ni CZ P-07, ya Jamhuri ya Cheki, ilianza mwaka 2009. Kwa umbo iko jirani sana na Glock 19, mtutu mfupi kidogo, milimita 95 dhidi ya 102, nayo ni nzito zaidi, kama gramu 780 ikiwa tupu. Risasi 15. Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo kwa maoni yangu, kati ya hizi mbili, na tofauti yake kubwa iko kwenye kifyatulio, yaani traiga.

Glock haina kitufe cha sefti, yaani kizuizi cha usalama, pembeni. Sefti zake tatu zinafanya kazi zenyewe, na mojawapo ni kile kijiti kidogo katikati ya traiga. Kidole kikiingia na kuvuta, inapiga, na kila mvuto una uzito uleule, kati ya kilo mbili na tatu. Uzuri wake ni kwamba unajifunza mvuto mmoja tu maisha yako yote. Ubaya wake ni kwamba haisamehi kidole kilichoingia mapema, wala shati lililonasa kwenye traiga wakati unairudisha kwenye ala. Ala ya Glock lazima ifunike traiga yote na iwe ngumu isiyokunjika. Ukiniambia utaitia kwenye mkoba wa mkononi pamoja na funguo na simu, nitakuomba usiinunue kabisa.

P-07 ina nyundo nyuma, kile kipande kinachogonga ili risasi ifyatuke, unaiona kwa macho. Nyundo ikiwa chini, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, inayofuata ni mifupi na myepesi. Inakuja na kitufe cha kushusha nyundo salama bila kugusa traiga, na ndani ya boksi kuna vipuri vya kugeuza kitufe hicho kiwe sefti ya kawaida, kazi ambayo mwachie fundi silaha mwenye kibali. Kwa mtu mwenye wasiwasi, ule mvuto mrefu wa kwanza ni rafiki: unakupa muda wa kughairi. Gharama yake ni kwamba unajifunza mivuto miwili, na wanaoanza karibu wote risasi ya kwanza wanaishusha chini ya walikolenga.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili limeshaumiza watu. Glock ili uifungue kuisafisha lazima uvute traiga kwanza. Ndivyo ilivyotengenezwa. P-07 na P365 unazifungua bila kuvuta. Sasa mtu amekaa kitandani Jumapili, ametoa magazini, anadhani imebaki tupu, anavuta. Risasi iliyokuwa chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu, inatoka. Kutoa magazini hakutoi risasi ya chemba. Mwenye Glock anatakiwa kuwa na utaratibu kama wa ibada: magazini nje, slaidi nyuma, angalia chemba kwa macho, ingiza ncha ya kidole kidogo uguse, risasi zote ziwe chumba kingine, halafu elekeza mtutu ukutani ambako hakuna mtu upande wa pili. Kila mara. Ukijijua ni mtu wa kuruka hatua, chukua CZ.

Wengine wananiuliza Taurus G3C ya Brazili. Inabeba risasi 12, ina sefti ya pembeni, iko katikati kwa umbo. Sina ugomvi nayo, lakini kitako chake bado ni kifupi kwa mkono mpana kama wangu. Ishike mwenyewe.

Kaliba, yaani unene wa risasi, sitaizungumzia sana. Chukua milimita 9. Ndiyo kaliba ya bastola inayotumika zaidi duniani, na bastola usiyoweza kuifanyia mazoezi kwa sababu risasi zake hazionekani ni mzigo tu.

Vumbi, hilo linawahusu wa kwetu. Mtu anayekwenda Mererani na kurudi, jioni ukipangusa bastola yake kitambaa kinageuka rangi. Kosa ninaloliona ni kumwaga mafuta mengi kwa kudhani ndiyo matunzo. Mafuta mengi na vumbi vinafanya uji, uji unakwama kwenye njia za slaidi. Matone machache sehemu zinazosuguana, futa kilichozidi. Kwa ndugu zangu wa Moshi adui ni jasho. Fremu ya plastiki ngumu haina shida, lakini slaidi na skrubu ni chuma, na ala ya ngozi inakaa na unyevu usiku kucha. Usiilaze bastola ndani ya ala hiyo.

Kuhusu leseni sitarefusha. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia kwa viongozi wa mtaa wako, yanapitia kamati za ulinzi na usalama, mpaka polisi. Inachukua muda, na mtu akikwambia anaijua njia ya mkato, mkimbie. Silaha inaandikwa kwa namba yake na kwa jina lako. Huwezi kumwazima mdogo wako hata kwa usiku mmoja wa kulinda shamba. Muda huo wa kusubiri utumie vizuri: tafuta mkufunzi anayetambulika, piga bastola mbili tatu uwanjani kwake kabla hujalipia yoyote, na weka fungu la kasiki kwenye bajeti tangu mwanzo. Mtu anahesabu fedha ya bastola peke yake, ikifika nyumbani inalala juu ya kabati, na watoto wa nyumba hiyo wanajua kila kilichoko juu ya kabati.

Kwa hiyo, ungekuwa umekaa hapa na mimi, ningefanya hivi. Ningekupa vipande hivi viwili, cha Glock na cha CZ, ufumbe macho, ushike kimoja kimoja unyooshe mikono, ufumbue. Kile ambacho umefumbua ukakikuta kimenyooka mbele ya jicho bila kukirekebisha, ndicho umbo lako. Kwangu mimi kilikuwa Glock 19, na ndiyo niliyo nayo mpaka leo, baada ya ile ndogo kuondoka mikononi mwangu kwa taratibu zote za polisi. Kwa shangazi ilikuwa CZ, kwa sababu ya ule mvuto wa kwanza. Anasema unampa nafasi ya kusali neno moja.

Vipimo vyote nimeviandika hapo chini ya video, mpelekee seremala wako, mbao ya mninga au hata mkaratusi inafaa. Wiki ijayo fundi anakuja kutoboa ukuta wa chumbani kwangu kufunga kasiki mpya kwa boliti nne, na nitamrekodi kuanzia tundu la kwanza, kwa sababu ile ya zamani nilikuta mwanangu wa miaka tisa anaweza kuisogeza.