Kebo ya antena kwa redio ya ridhaa: ipi ununue kwanza

Mtu akipata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana redioni kwa kujifurahisha, fedha huishia kwenye redio. Kebo hununuliwa mwisho kwa chenji iliyobaki, na hapo ndipo wati zinapotelea. Kila desibeli 3 (kipimo cha upotevu wa nguvu) zinazopotea njiani ni nusu ya nguvu yako, na kinachopotea ukirusha kinapotea pia ukipokea. Redio ya bei ndogo yenye kebo nzuri itasikika kuliko redio ya kifahari iliyofungwa kamba mbovu. Hilo nalisema kwa kila anayeanza.

Tupime kwa nyumba ya kawaida: mita 20 kutoka mezani hadi antena ya paani, wati 50, masafa ya 145 MHz. Tarakimu ni za takriban, maana viwanda hutofautiana.

Ya kwanza: RG-213. Unene wake ni kama milimita 10. Katikati ina nyuzi saba za shaba, na juu yake plastiki ngumu isiyo na povu, kisha wavu wa shaba uliobana. Katika mfano wetu, wati 33 hivi zinafika juu. Siipi nafasi ya kwanza kwa kuwa ina upotevu mdogo kuliko zote, maana sivyo. Naipa kwa sababu inasamehe makosa: inapinda bila kuumia, inashika lehemu vizuri, na konekta ikiharibika unakata kipande na kufunga upya. Kwa sisi tunaoishi mwambao, ambako upepo wa chumvi hugeuza shaba kuwa kijani, kebo inayotengenezeka ni mali.

Ya pili: LMR-400. Unene ni uleule, lakini ndani kuna povu, na chini ya wavu kuna karatasi ya metali. Kwa vipimo inashinda: wati 40 zinafika paani. Kama kazi yako ni 435 MHz, geuza mpangilio wangu, kwa sababu huko RG-213 inakula nusu ya nguvu katika mita hizohizo 20, na LMR-400 inakufikishia theluthi mbili. Kasoro yake ni ugumu. Waya wa kati ni alumini moja nene iliyopakwa shaba, kwa hiyo usiifunge kwenye antena inayozungushwa na mota kila siku. Kwa kazi hiyo kuna toleo lake laini lenye nyuzi nyingi.

Ya tatu: RG-8X. Ni nyembamba, milimita 6, na nyepesi kubeba. Kwenye 145 MHz inafikisha nusu tu, wati 25. Lakini shuka hadi 14 MHz, na kati ya wati 100 zinafika zaidi ya 80. Anayefanya mawimbi mafupi tu, au anayefunga antena ya waya porini kwa siku mbili, hana sababu ya kubeba mzigo wa RG-213.

Ya nne: RG-6, ile ya dishi la televisheni. Wengi watashangaa kuiona juu ya RG-58. Ni ya omu 75, wakati redio zetu zinataka 50, kwa hiyo SWR ndani ya kebo, yaani kipimo cha nguvu inayorudishwa nyuma badala ya kwenda mbele, itakuwa kama 1.5, kiasi ambacho redio nyingi hukivumilia. Kwenye 145 MHz upotevu wake ni mdogo kwa mbali kuliko wa RG-58, na inapatikana kila mtaa. Tatizo ni kwamba wavu wake wa alumini haushiki lehemu, na waya wa kati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mwanafunzi anayeanza kwa kusikiliza, inatosha kabisa.

Ya mwisho: RG-58. Mita 20 zinakuachia wati 20. Inunue kwa ajili ya gari, ambako mita 4 au 5 zinatosha, au kwa vipande vifupi vya mezani. Usiipandishe paani.

Ukifika dukani, usiamini maandishi ya ganda peke yake. Omba ncha ikatwe mbele yako. Wavu ukiwa mwembamba kiasi cha kuiona plastiki nyeupe kati ya nyuzi, rudisha. Kwaruza waya wa kati kwa kisu, kisha ugusishe sumaku. Kwenye RG-213 ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, au sumaku ikinata, unauziwa jina tu. Kwenye LMR-400 weupe ni halali, lakini sumaku isinate.

Konekta nazo zina mtego. PL-259, konekta ya kuskurubu inayotumika kwenye redio nyingi za ridhaa, imetengenezwa kwa kebo nene. Ukinunua RG-58 unahitaji kipunguzi (kipande cha kuziba nafasi inayobaki ndani ya konekta) UG-175, na RG-8X ni UG-176. Vinafanana machoni na havibadilishani. Chagua konekta yenye teflon ndani, kwa sababu plastiki ya rahisi huyeyuka kabla lehemu haijashika.

Kufunga PL-259 kwenye RG-213, menya ganda milimita 28, kisha acha milimita 16 za waya wa kati ukiwa mtupu. Pete ya nje ya konekta iingie kwenye kebo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Paka wavu lehemu kidogo, zungusha konekta mpaka ishike, ndipo ujaze lehemu kwenye matundu. Tumia chuma cha kulehemu cha wati 100 chenye ncha nene. Chuma kidogo cha kutengenezea redio za mfukoni kitapasha kwa muda mrefu hadi plastiki ilegee na waya wa kati uguse wavu. Ukimaliza pima kwa multimita, antena ikiwa haijaunganishwa: kati na wavu visiwasiliane hata kidogo.

Weka akiba ya fedha kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Mwaka mmoja niliacha konekta ya paani na tepu ya kawaida ya umeme, na masika yakapita juu yake. Nilipokata kebo, wavu ulikuwa mweusi karibu mita nzima kutoka kwenye konekta. Sasa navuta tepu ya mpira ikinyooka, nazungusha kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo ikae kama makuti ya paa, kisha naifunika kwa tepu ya umeme dhidi ya jua.