Jeki au Stendi: Ununue Nini Kwanza kwa Matengenezo ya Gari Nyumbani

Mtu anayetaka kumwaga oili, kubadilisha breki pedi au kukagua bushi za gari lake nyumbani kwa kawaida huingia dukani akiulizia jeki. Ningemshauri aulizie kwanza stendi, yaani miguu ya chuma inayobeba gari likishanyanyuliwa. Jeki ni chombo cha kunyanyulia, wala haikutengenezwa ili ibebe gari wakati mtu amelala chini yake. Katika jeki ya haidroliki uzito wote hushikiliwa na oili iliyozuiwa kwa raba na valvu ndogo. Raba ikichoka au chembe ya uchafu ikikaa kwenye valvu, gari hushuka, pengine polepole, pengine kwa ghafla. Niliwahi kuacha gari dogo juu ya jeki tangu jioni, likiwa halina mtu chini yake, na asubuhi nikalikuta limeshuka kiasi cha upana wa kiganja. Pale chini sikuona hata tone moja la oili, kwa sababu uvujaji ulikuwa wa ndani ya jeki yenyewe.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa jozi ya stendi za tani 3. Toyota IST ina uzito wa takribani tani 1 na Land Cruiser Prado hupita tani 2, hivyo stendi za kiwango hicho zinatosha magari mengi ya familia na kubakiza akiba. Soma maandishi yaliyo kwenye chuma chenyewe au kwenye boksi uone kama uzito uliotajwa ni wa stendi moja au wa jozi, maana watengenezaji hawafuati utaratibu mmoja. Kati ya stendi za meno, ambazo nguzo yake ina meno yanayonaswa na kishikizo, na zile za pini, mimi huchagua za pini: chuma kimepita tundu hadi tundu, na jicho linathibitisha. Stendi ya meno hupandishwa haraka zaidi, lakini usalama wake unategemea kishikizo kilichojificha ndani kukaa sawasawa kwenye jino. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani ililazimika kuwataka wateja warudishe zaidi ya stendi milioni 1 za meno, za tani 3 na tani 6, kwa kuwa kishikizo kingeweza kuachia zikiwa zimebeba mzigo. Ukinunua za meno, kagua kila jino, na upendelee zile zilizoongezewa pini ya usalama.

Stendi za kuchomelea mtaani hazistahili kudharauliwa zote, ila geuza kila moja juu chini. Mchomeleo uwe umezunguka kiungo chote bila vitundu, na miguu minne ikae sawa sakafuni bila kuyumba. Usinunue iliyopakwa rangi nzito juu ya viungo.

Nafasi ya pili ni jeki, na hapa sakafu ya nyumbani kwako ndiyo inayoamua. Penye saruji ngumu, jeki ya toroli, ile ndefu yenye magurudumu, ya tani 2 au 3 haina mpinzani, kwani ina kitako kipana na huingia chini ya gari lililo karibu na ardhi. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ni kwamba mkono wake hupanda kwa kuchora upinde, na kwa hiyo jeki yenyewe lazima isogee kadiri gari linavyopanda. Kwenye mchanga, kama ule wa viwanja vingi vya Dar es Salaam au Mombasa, magurudumu yake hukwama na kichwa cha jeki huanza kuteleza kutoka mahali pake. Kwenye ua wa namna hiyo ningenunua jeki ya chupa, ile fupi inayosimama wima kama chupa, niiweke juu ya ubao mgumu na mpana. Kasoro yake ni urefu: nyingi huanzia karibu sentimita 20, na hazitapita chini ya gari dogo lenye pancha. Aina yoyote utakayochukua, iongezee oili ya jeki na kamwe si ya breki, ambayo huharibu raba zake.

Rampu, yaani vipandio vya mteremko ambavyo gari huendeshwa juu yake, naziweka nafasi ya tatu. Kwa kumwaga oili ni nzuri mno, kwa sababu gari husimama juu ya matairi yake lenyewe, lakini hazifai kazi yoyote inayotaka tairi litolewe. Pima bampa kwanza, kwani la chini sana hugonga rampu kabla tairi halijapanda.

Jeki ya mkasi iliyokuja na gari ibaki kwenye buti kwa ajili ya kubadilisha tairi barabarani. Jeki ndefu ya mkono inayobebwa na magari ya porini naiweka mwisho kabisa, kwani husimama juu ya kitako kidogo na mpini wake unaweza kuruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Tofali la saruji halimo kwenye orodha hii. Hupasuka bila kutoa dalili.

Usitoke dukani bila kabari mbili. Katika magari mengi handibreki hushika magurudumu ya nyuma tu, hivyo ukinyanyua nyuma haina kazi tena. Hata gia ya P, ya kuegeshea gari la otomatiki, haitoshi: gurudumu moja linaloendeshwa na injini likiwa hewani, difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, huliruhusu lizunguke huku mwenzake akibingirika. Kabari zikae kwenye magurudumu yaliyobaki chini, mbele na nyuma ya tairi. Kisha shusha gari hadi likalie stendi, lisukume kwa mikono miwili kutoka ubavuni, na tairi ulilolitoa lilaze chini ya kizingiti cha mlango kabla hujaingiza kichwa.