Mafungo ya kimya siku tatu Usambara: kapu la simu, maji ya baridi na sista asiye na haraka

Naandika hii kwa wote mlioniuliza nilipotelea wapi wikiendi nzima. Nilienda mafungo, yaani kujitenga siku tatu kwa sala na ukimya. Nyumba ni ya masista, iko huko milimani Usambara, ukishafika Mombo unaanza kupanda kona kwa kona mpaka masikio yanaziba. Jina silitaji maana nina malalamiko na sitaki kumharibia mtu, anayetaka kweli aulizie parokia yoyote ya karibu, nyumba za aina hii zipo. Mimi ni Mlutheri ila wanapokea wote, pale mapokezi nikasema "Bwana asifiwe", sista akajibu "milele amina", tukacheka yakaisha.

Bei ni elfu arobaini na tano kwa siku, chumba na milo mitatu, na risiti unapewa bila kuomba. Chumbani kuna kitanda kimoja, meza, kiti, msalaba ukutani na blanketi mbili. Nlienda mwezi wa saba, kwa hiyo sikilizeni, ukiambiwa blanketi mbili omba ya tatu palepale usione aibu. Chakula hakina makuu lakini ni kitamu: uji wa ulezi asubuhi, ugali wa dona, maharage, mboga za bustanini kwao, parachichi bila kipimo. Kula kimya na watu tisa usiowajua siku ya kwanza ni kituko, unasikia mpaka mtu wa mwisho wa meza anavyotafuna, unataka kuomba chumvi huwezi, unanyoosha kidole kama mtoto. Siku ya pili nikazoea, siku ya tatu nikawa sitaki iishe.

Malalamiko ni haya. Maji ya moto yanachemshwa kwa kuni na saa moja jioni yameshakwisha, ukichelewa unaoga barafu. La pili ndo liliniuma: Jumamosi wakapokea semina ya kikundi kingine, ukumbi wa pili, na spika. Sasa jamani unauza kimya afu unapangisha spika? Kuanzia saa nne mpaka saa tisa mchana nimesikia "haloo, haloo, moja mbili" mpaka nikatamani kwenda kuizima mwenyewe. Niliwaambia siku ya kuondoka, wakaomba radhi, basi.

Sasa kilichonipeleka. Mimi kupita mbele madhabahuni kujitoa kwa Yesu kwenye mikutano ya injili nimepita mara nne, mara ya mwisho nimelia mpaka kiatu kikapotea, na kila mara nikirudi nyumbani kufika Jumatano niko vilevile, ulimi uleule, hasira zilezile kwa house girl wa watu. Na kipindi hicho nlikuwa nasubiri majibu ya usaili wa kazi, silali. Nikaona niende nikajitoe kwa Bwana sehemu yenye utulivu labda safari hii itashika.

Mapokezi kuna kapu la ukindu limefunikwa kitambaa cheupe, wote mnaweka simu humo mpaka Jumatatu asubuhi. Hakuna anayekukagua. Mimi nina simu mbili, kiswaswadu na smatifoni, nikaweka kiswaswadu. Smatifoni nikaitia mfuko wa sweta, nimeweka kimya, nikajiambia ni kwa sababu ya Biblia. Haya, Biblia iko mezani chumbani, tena yenye maandishi makubwa.

Kila siku unakaa nusu saa na sista anayekuongoza. Wangu alikuwa mama mtu mzima, anaongea taratibu mpaka unadhani kasinzia. Siku ya kwanza akanipa mstari mmoja tu, Luka 9:23, ule wa mtu ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku. Akaniambia kasome pia kwa Mathayo na Marko uone kilichopungua. Nimekaa chini ya mti wa peasi na Biblia saa nzima ndo nikaona: "kila siku" anayo Luka peke yake. Miaka yote nimesoma hiyo mistari sijawahi kuiona, na mimi ni mtu wa madhabahu, napenda nijitoe siku moja kwa kishindo tumalize.

Akanisimulia pia habari za Ignasi wa Loyola, yule askari aliyevunjwa mguu na mzinga Pamplona mwaka 1521, kwamba mafungo yake kamili ni siku 30, hizi tatu wamekata kwa ajili yetu wa mjini. Kuna sala yake moja ya kumwambia Mungu achukue uhuru wangu, kumbukumbu yangu, akili na utashi, vyote. Nikaisali vizuri kabisa, kwa hisia. Na kumbukumbu yangu yote GB 128 iko mfukoni.

Jumamosi saa kumi nikaingia kwake, nikamwambia "sista namshukuru Mungu, nimemwachia vyote, kazi, ndoa, watoto, majibu yakija yasije sawa tu". Akaniangalia. Akasema, "Sawa mwanangu. Na huo mfuko unaoupapasapapasa?"

Yaani hata sikujua mkono uko huko. Nikaitoa nikaiweka mezani, nikaanza kueleza habari za usaili, akanikata kwa upole: "Kama unaihitaji kaa nayo, mimi si askari. Ila usimwambie umempa vyote." Anania na Safira, wale mume na mke wa Matendo 5 waliouza mali wakaficha sehemu ya fedha wakijifanya wametoa yote, walinipitia kichwani kama treni.

Bibi yangu wa Bukoba alikuwa mlokole, wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka Uganda ukaja mpaka kwetu. Alikuwa anatuchekesha na hadithi ya siku alipotembea kijiji kizima kurudisha sindano ya jirani. Sindano! Tulidhani ni ushamba tu wa wazee. Usiku ule nikiwa kitandani na smatifoni kifuani ndo nikamwelewa bibi yangu, kwamba sindano ilikuwa ndo yote.

Saa tano usiku nikashuka na soksi, nikafunua kitambaa. Simu za watu zilikuwa zinatetemeka humo zikigongana kama senene kwenye ndoo. Nikaiweka. Usingizi nliolala siwezi kueleza.

Jumatatu nimeichukua: meseji 214 za magrupu, za kazi hakuna hata moja. Zilikuja wiki mbili baadaye na jibu lilikuwa hapana, nikalia siku moja, hayo si ya hapa.

Nyota nne. Ya tano imebaki kwenye spika. Beba sweta mbili, soksi nzito, tochi na kalamu, na oga mapema. Nimeshabuki tena Novemba, na safari hii nimepanga smatifoni niiache Dar kwa mdogo wangu, ingawa nikimwambia sista najua ataniuliza nimeikimbia au nimeitoa.